Nilitoka Ubena

Mama yangu alikuwa mtu wa kweli, na kweli yake ndiyo iliyotupokonya maji. Nikisema hivyo wanawake wenzangu wa Jumuiya wananikunjia uso, eti marehemu hasemwi. Mimi simsemi, namlilia. Kuna kulia kwa machozi na kuna kulia kwa mdomo, na mimi Mungu alinipa mdomo.

Jina langu ni Angelina, mzaliwa wa Lumbele, huko juu Mgeta, ambako kabichi likikuponyoka mlangoni unakwenda kuliokota kwa jirani wa chini. Tunalima kwenye matuta, tunashusha mboga kwa kichwa hadi barabarani, malori yanabeba kwenda Dar. Na kama hujui, sisi Waluguru ardhi tunaipata kwa mama. Mwanamume ana shamba kwa dada zake. Kwa mkewe analima kama mgeni anayeheshimiwa, na akileta ubabe anaonyeshwa njia ya kwao. Ukoo, tunaouita lukolo, una mwanamume wake wa kusemea mambo ya nje, yule mndewa, na kwetu alikuwa mjomba Ignas, mdogo wake mama. Lakini historia ya ardhi yenyewe anaishika mwanamke mmoja tu, yule aliyerithi jina la bibi yetu wa kwanza.

Bibi huyo aliitwa Mgole. Mama alibatizwa Maria, ila siku aliporithi jina hakuna aliyemwita Maria tena isipokuwa padri. Na anayerithi jina anarithi na kinywa. Akieleza habari za Mgole, hasemi "yeye alifanya hivi." Anasema "mimi." Nilipokuwa mdogo nilidhani mama yangu ana umri wa milima, nikawa namwonea huruma kwa kutembea kote kule.

Maelezo hayo si ya kupitishia jioni. Ni kesi. Kabla sijaolewa, ukoo wa ng'ambo ya bonde walidai matuta yetu ya njegere, wakaitisha baraza. Kila upande ukasimamisha mtu wake. Kwetu, desturi ya baraza ni hivi: unaanza ulikotoka, unataja njia, unataja uliowazika njiani, unamtaja aliyekupokea na alichokuonyesha kwa mkono. Ukiruka jina moja, ukiruka kaburi moja, upande wa pili wanapiga kelele, "Karuka!" na kesi imekwisha hapo hapo, chukua jembe lako uende. Yule mwenzao alijikanganya kwenye mto, sijui alivuka, sijui hakuvuka. Mama hakuruka hata jiwe. Tukabaki na matuta yetu, na mama akatembea wiki nzima kidevu juu, hasalimii mtu asiyemsalimia.

Basi mshike hapo. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuulizwa maswali na dunia.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa. Huko Morogoro mjini viwanda vingine vilifungwa, vingine vikapata wenyewe wapya, na vijana wetu waliokuwa wamepanga Mafiga wakarudi nyumbani na magodoro vichwani. Neno mwekezaji lilitamkwa kwa adabu kama jina la mtakatifu. Sisi huku juu tulicheka tu, tukasema, wataununua nini mlima? Loo! Mwaka uliofuata zile mvua kubwa za El Nino, wakaja watu wa kampuni na mabomba ya kupimia, wakapanda moja kwa moja hadi kwenye Chemchemi ya Mgole. Walitaka kuyatia maji yake kwenye chupa na kuyauza.

Chemchemi ile ndiyo ukoo wenyewe. Maji yanatoka chini ya mwamba, baridi ya kuuma meno, yanashuka na kunywesha matuta yetu yote. Pembeni ndipo walipozikwa wote waliowahi kuitwa Mgole. Hakuna anayekata mti pale, hakuna anayefua pale, na kila mwaka kabla ya kupanda mama alikwenda kufagia na kumimina pombe kidogo. Padri alijua, akajifanya hajui.

Mwenyekiti wa kijiji, bwana Nasibu, alishakubali zamani. Aliahidiwa barabara na darasa. Simlaumu sana, yeye upande wa mama yake ni mtu wa bondeni, maji yale hayanyweshi shamba lake. Ila alisema neno moja lililoniudhi hadi leo. Alisema, "Ardhi ni ya umma, mama Angelina, na umma ni sisi."

Hapo ndipo alipotufikia Witness. Alikuwa binti mwanasheria, Mhaya wa Bukoba, akikaa Mafiga na kufanya kazi kwenye kichama kidogo cha haki za wakulima. Alipanda na viatu vya mjini, akafika matope magotini, akapiga goti jikoni kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda na hivyo viatu kwa hiari yako au kuna aliyekufukuza?"

Witness akacheka, akavua viatu, akavuta ungo wa njegere na kuanza kumenya nasi. Nilimpenda saa ile ile. Akatueleza taratibu. Kwamba mataifa ya dunia yalishakaa na kukubaliana kuwa watu wote wana haki ya kujiamulia mambo yao wenyewe.

"Watu wote nani?" mama akauliza.

"Hapo ndipo pagumu, mama. Serikali inasema watu ni taifa zima, Watanzania wote ni wenyeji, hakuna mwenye asili kuliko mwenzake. Lakini huko Geneva kila mwaka wanakutana watu wa kila bara, wale wenye nchi zao za jadi, wakidai kwamba na wao ni watu, waulizwe kabla ardhi yao haijaguswa. Hata wafugaji wa kwetu wamekwenda kusema. Sasa hii kampuni inakopa kwenye benki ya nje, na benki hiyo ina kanuni. Mahali penye wenyeji wa asili, hawaanzi kuchimba mpaka wenyeji hao wakubali kwa njia yao wenyewe, siyo kwa njia ya mwenyekiti. Wakikataa, basi."

Mama akaacha kumenya. "Nikikataa mimi, basi?"

"Ukikataa wewe, mama, na wakikutambua, basi."

Nawaambieni, jiko lilijaa furaha mpaka moshi haukutuuma. Nilimwona mama akijinyoosha mgongo. Tangu Wajerumani hadi Ujamaa hakuna mtu wa nje aliyewahi kumwuliza mwenye jina la Mgole kama anataka au hataki.

"Anakuja mtaalamu kutoka Dar," Witness akaendelea, "anaitwa Geofrey. Si mtu mbaya. Kazi yake ni kuuliza kama hapa kuna wenyeji wa asili. Atawauliza mmekuwa hapa tangu lini, na kama mlikuwa hapa kabla ya wengine wote. Mama, nimesikia maelezo yenu yanaanzia Ubena, huko kusini."

"Yanaanzia Ubena."

"Naomba siku hiyo uanzie hapa. Uanzie kwenye chemchemi."

Njegere moja ikaruka kutoka mkononi mwangu, ikadundia chini. Mama akamtazama yule binti kwa upole kabisa, upole wa kumtazama mtoto aliyejikojolea kwa watu.

"Mwanangu, unataka niruke?"

"Siyo uongo, mama. Ni kunyamazia tu."

"Kwetu kunyamazia ndiko kuruka. Niruke Ubena, niruke njia, niruke ndugu zangu niliowaacha majini? Nikishaanzia hapa, nilifikaje hapa? Nilianguka na mvua?"

"Lakini mama," nikaingilia, "huyo mtu wa Dar hajui habari za Ubena. Nani atakupigia kelele?"

"Mgole ananisikia."

"Mgole ni wewe!"

"Ndiyo maana," akasema, na akarudi kwenye njegere zake.

Tulimbembeleza siku zote zilizobaki. Witness alikwenda akarudi, akaeleza kwamba sheria yenyewe wala haisemi lazima uwe wa kwanza tangu Adamu, kwamba la maana ni kuwa na nchi yenu, mila zenu na mamlaka yenu, ila wale wa benki wanaanza na swali hilo na wakilipata jibu baya hawafiki kwenye mengine. Mimi nilimbembeleza kwa maneno matamu, halafu kwa maneno makali. Nilimwambia Ubena kuna nini cha maana, tulitoka kwa njaa, hata ndugu mmoja wa huko hatumjui kwa sura. Mjomba Ignas alimwambia, "Dada, simba akija zizini hukumbuki adabu." Mama akamjibu, "Na wewe ukikosa adabu, simba anaondoka?" Ndivyo alivyokuwa. Ukimsukuma kushoto anakaa chini.

Nami nilimjua ninayeshindana naye. Kwa mama, yule Geofrey alikuwa upande wa pili wa baraza, na kesi ya baraza hushindwi kwa kusema yote, unashindwa kwa kuruka. Hakuna mahali popote ulimwenguni alipoona mtu akipoteza shamba kwa sababu ametaja njia yake kikamilifu. Sasa ungemwambia nini?

Siku ikafika. Tulikaa kwenye darasa la zamani la misheni, asubuhi, ukungu umeingia hadi ndani kupitia madirisha yasiyo na vioo. Ukoo mzima ulikuja, wanawake mbele, kama tunavyokaa jambo likiwa la ardhi. Geofrey alikuwa kijana mnene wa adabu, akasalimia wazee mmoja mmoja, akainama kwa mama. Witness alikaa nyuma yangu, nikisikia anavyopumua.

Geofrey akauliza vizuri, kama alivyosema Witness. Nyie ni akina nani, mko hapa tangu lini, nani anayewasemea. Mjomba Ignas akasimama akasema, "Mimi ni mndewa, lakini hili lina mwenyewe," akakaa. Mama akasimama. Alivaa kaniki yake na juu yake koti la sweta nililomnunulia Morogoro. Hakutaka kusema Kiluguru akafasiriwa. Alisema kwa Kiswahili chake cha milimani ili, kama alivyotangaza, asipatikane mtu wa kumpindishia.

"Mimi ni Mgole," akasema.

"Ee," sote tukaitikia, maana ndivyo inavyoitikiwa.

Nikafumba macho. Moyoni nikasema, anzia hapa, mama, anzia hapa.

"Nilitoka Ubena."

"Ee," wakaitikia. Mimi nikafumbua macho.

"Njaa ilinitoa. Niliondoka na ndugu zangu wa tumbo moja. Nilivuka Ruaha, Mlunde akabaki majini, na mtoto wake akabaki mgongoni kwake. Nilipita nyika ya tembo, Semhando akafa kwa homa, nikamzika kwenye kichuguu. Nilifika Mlali, kukali joto, nikaitazama milima, nikapanda. Hapa nilimkuta mwenyewe."

"Ee!"

"Aliitwa Kibwana Lukali, mwindaji, mtu wa nchi hii kabla yangu. Watu wake walikuwa wamekwisha kwa ndui. Nikampa jembe na mbuzi jike. Akanishika mkono huu, akanizungusha mpaka wote, mwamba kwa mwamba, akanileta kwenye maji. Akasema, 'Kunywa.' Nikanywa. Alipokufa nilimzika mimi, yuko pale, kaburi la kwanza upande wa jua linakotokea. Hakuna wa kunitoa, kwa sababu sikupora, nilipewa."

Darasa likalipuka. Vigelegele, miguu, mjomba Ignas anapiga ukuta kwa kiganja. Na kweli ilikuwa nzuri mno, nakubali; hakuwahi kuisema vizuri namna ile. Kama Kibwana Lukali angekuwa na mjukuu hai angesimama akashuhudia. Nami niligeuka nikamwona Witness ameinamisha kichwa juu ya magoti.

Geofrey hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Aliona. Alingoja kelele zitulie, akasogea karibu, akauliza kwa sauti ya kubembeleza, "Kwa hiyo bibi, kabla yenu palikuwa na watu wengine?"

"Nimekutajia mpaka jina."

"Nauliza tu, bibi. Pengine hii ni hadithi ya wazee, ya kufundishia watoto, lakini kwa hakika nyie mmekuwa hapa tangu mwanzo?"

Alikuwa anamfungulia mlango, jamani! Alikuwa anamshika mkono kama mwindaji yule, anamwonyesha pa kupita. Alichotakiwa mama ni kusema "ndiyo." Nilimvuta upindo wa kaniki.

Mama akanipiga mkono. "Hadithi? Kijana, mimi nisimulie hadithi mchana, niote mkia? Nimekwambia nilitoka Ubena. Andika vizuri."

Geofrey akaandika.

Tulipotoka nje mama alikuwa amechangamka kama bibi harusi. Alinituma nikamate jogoo. Akampakulia Witness paja, akamwambia, "Uliogopa bure, mwanangu. Umesikia mtu akinipigia kelele?" Witness alikula paja lile lote, na machozi yakimtoka, na mama akadhani ni pilipili.

Majibu yalikuja baada ya mavuno. Witness alipanda mwenyewe kutuletea, hakutaka tusikie kwa Nasibu. Mtaalamu alikuwa amesema yote kwa haki: kwamba watu wa Lumbele wana mila nzito na wanaipenda chemchemi yao, lakini kwa maelezo yao wenyewe ni wahamiaji waliowakuta wengine, sawa na makabila mengi ya nchi hii. Si wenyeji wa asili. Kwa hiyo ridhaa ya serikali ya kijiji inatosha. Witness alishawaandikia benki kuwapinga, wakamjibu kwamba kanuni kuu katika mambo haya ni watu kujitambulisha wenyewe, asije mtu wa nje akawatambulisha. Na nyie, wakasema, mmejitambulisha.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Nimeshindwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na nani? Nani alisimama upande wa pili? Niliruka wapi?"

"Hukuruka, mama," Witness akasema.

"Basi nimeshindwaje?"

Aliuliza swali hilo kwa muda mrefu sana, si kwa kulia, kwa kushangaa tu. Tuko shambani, anasimama na jembe: "Angelina, niliruka wapi?" Tuko njiani kwenda misa: "Au ni lile kaburi la Semhando, nilisema kichuguu au nilisema mwamba?" Nilimjibu vibaya mara nyingi. Walipoweka uzio kuzunguka chemchemi, na walinzi, na bomba nene linaloshuka hadi barabarani, na maji ya matuta yetu yakapungua mpaka njegere zikawa njano, nilimwambia mbele ya watu, "Kweli yako inanywewa Dar, mama, na sisi tunakunywa fahari!" Alichukua ndoo akashuka bondeni kuteka pamoja na wale wa kwa Nasibu, akapanga foleni, yeye Mgole, nyuma ya watoto wa shule. Nasibu mwenyewe, nasikia, alimwambia apite mbele. Akakataa.

Miaka ikapita hivyo. Tukahamia mboga za mvua tu, wengine wakashuka mjini kutafuta vibarua. Halafu mama akaanza kuvimba miguu, nikamshusha hospitali Morogoro. Tulikuwa tumekaa stendi ya Msamvu, tunangoja gari la kurudi, jua kali. Wauza maji wakawa wanapita na ndoo za barafu, wanakimbilia madirisha ya mabasi: "Maji baridi! Maji ya milimani hayo!" Mama akamwita mmoja, akaichukua chupa, akaiangalia. Ilikuwa na picha ya mlima wetu, wa kuchorwa, wenye theluji juu. Theluji Uluguru, hebu niambie!

"Haya ndiyo yangu?" akaniuliza.

"Ndiyo hayo, mama."

Yule muuzaji akacheka. "Bibi, yakishatoka mfukoni mwako hela ndiyo yanakuwa yako." Hakuwa na kosa, maskini, hajui. Nililipa. Mama akanywa taratibu, macho kafumba, akanirudishia chupa ikiwa na nusu. Kuanzia Mlali aliitazama milima tu, hadi tukafika juu.

Jumapili iliyofuata, nikiwa namkanda miguu kwa maji ya moto, akasema, "Angelina, ningedanganya."

Nikaendelea kukanda.

"Siku ile. Ningesema nilikuwa hapa. Neno dogo tu. Yule kijana alinisukumia mdomoni kabisa, nikamtemea. Najuta, mwanangu. Najuta mpaka usingizi sipati."

Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja neno hilo. Nilishaliandalia na jibu. Lakini lilipotoka, nikaacha kukanda. Nilijikuta nasema, "Usiseme hivyo, mama. Ulisema kweli. Ungesimamaje mbele ya ndugu zako wa Ruaha?"

"Wale wamekufa. Nyie mko hai, mna kiu."

"Mama, nilikosea kukusema. Ulifanya sawa."

"Sikufanya sawa. Usinidanganye wewe, wa kudanganya siku ile nilikuwa mimi." Akanishika kifundo cha mkono, bado alikuwa na nguvu za jembe. "Msitu wetu wa juu ya chemchemi bado upo. Watarudi kuutaka, nao wataleta mwingine wa kuuliza. Ukirithi jina, anzia kwenye maji. Ubena uiache. Ruaha uiache. Wafundishe na wanao hivyo hivyo, wasijue lingine, ili wakiulizwa wasione haya kama mimi."

"Na Kibwana Lukali?"

Akauachia mkono wangu. "Na yeye," akasema. Akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipomzika baba.

Alikufa wakati wa Kwaresima. Hatukumzika kwenye chemchemi. Makaburi yako ndani ya uzio, na meneja wa kuombwa ruhusa alikuwa safarini, na maiti haingoji meneja. Tulimzika makaburi ya misheni, yeye wa kwanza kati ya waliobeba jina lile kulala mbali na wenzake. Padri alisoma "Maria." Hakuna aliyemsahihisha.

Msiba ulipoondolewa, ukoo ukakaa uwanjani kwetu kunirithisha jina. Wanawake mbele. Binti yangu Rahel alikaa miguuni pangu, maana baada yangu ni yeye. Walinivika ile kaniki. Mjomba Ignas, mzee sasa, macho yamefifia, akasema, "Simama utuambie wewe ni nani."

Niliwahi kumwambia kile mama alichoagiza, yeye peke yake. Alisikia, akatikisa kichwa tu, sikujua anakubali au anasikitika. Wengine hawakujua. Walikuwa wamekaa wametulia, wengine midomo ishaanza kufuatisha, maana maneno yale kila mmoja ameyanyonya kwa mama yake.

"Mimi ni Mgole," nikasema.

"Ee."

Ubena ilikuwa imeshafika mdomoni. Nawaapia, niliionja. Nilimwona Mlunde na mtoto mgongoni, nikamwona yule mwindaji asiye na watu, ambaye duniani kote hana wa kumtaja ila mimi. Nikamwona na mama amegeukia ukutani.

"Nilikuwa hapa," nikasema. "Sikutoka popote. Maji haya nimeyakuta na mimi yamenikuta."

Wanawake wakatazamana. Nilisimama nangoja, nikimwomba Mungu apatikane mmoja, mtu mmoja tu, anyanyuke anipigie kelele, "Karuka!" Ningefurahi. Ningekaa chini nianze upya. Lakini walikuwa wameteka maji bondeni miaka mingi, na walikuwa wameelewa. Mjomba Ignas akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaitikia wa kwanza, kwa sauti ndogo. Kisha wakaitikia wote, na Rahel naye.

Tangu siku hiyo nasema hivyo hivyo kila mwaka, na Rahel ameshaijua yote bila kukosea. Msitu wa juu ulichukuliwa mwaka juzi. Safari hii hawakutuma mtu wa kuuliza.